«Tulifanya Ploti»: Mlichora Nini?

«Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha wanafunzi wa elimu ya hali ya hewa kuchambua data za mvua kwa kutumia Python na R, lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta, na kila tunapofika kwenye michoro tunabishana. Wengi wanasema “kufanya ploti”, wachache wanasema “kuploti”, na mmoja ametuletea “kutaswirisha data”. Lipi linafaa kuandikwa katika tasnifu? Na je, tuseme “data hii” au “data hizi”?»

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na swali la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Neno data limo katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo «data hii» na «data hizi» zote ni sahihi. Ninachokukataza ni kuanza aya na «data hii» kisha kuimaliza na «zimeonyesha», maana msomaji atadhani umehama kutoka data moja kwenda nyingine. Chagua moja na ukae nayo hadi mwisho wa kazi yako.

Swali la kwanza ndilo linaloniuma, na halikuanza kuniuma leo. Kitenzi kufanya ni kitenzi halali: tunafanya kazi, tunafanya biashara, tunafanya haraka. Lakini siku hizi kimegeuzwa punda wa kubebeshwa kila nomino inayopita njiani. Watu hawachambui tena, «wanafanya uchambuzi». Hawalinganishi, «wanafanya ulinganisho». Hawazuru mahali, «wanafanya ziara». Na hata kupima, tendo ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua, kumekuwa «kufanya upimaji». Kitenzi chenye nguvu kinafungiwa ndani ya nomino, viambishi vyake vyote vinapotea bure, kisha kufanya kinatumwa kushika nafasi ya kitenzi ambacho hakina sifa zake. Lugha yetu imejengwa juu ya kitenzi. Anayekiua kitenzi amebomoa nguzo ya kati ya nyumba.

«Kufanya ploti» ni baya kuliko hayo yote, kwa sababu katika «kufanya uchambuzi» angalau nomino yenyewe inaeleweka. Ploti ni nini? Nairobi, watu wakisema wanakaa ploti moja, maana yake ni kwamba ni wapangaji wa uwanja mmoja. Kwa dalali wa ardhi, ploti ni kiwanja. Kwa mwalimu wa fasihi, ploti ni msuko wa matukio katika hadithi. Asili yake ni Kiingereza cha kale, ambamo neno hilo lilikuwa na maana ya kipande cha ardhi, na maana ya kuweka alama kwenye karatasi ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo mwanafunzi wako anapoandika «tulifanya ploti ya mvua ya Zanzibar», ametoa kitenzi kisichosema lolote na nomino yenye maana tatu, halafu anadai amenieleza alichokifanya.

Nitajibiwa kwamba wataalamu wa kompyuta wanaelewana, kwa kuwa plot ni amri iliyomo katika lugha zao zote za programu. Hapo ndipo hoja hiyo inapoanguka, kwa sababu lugha hizo zenyewe hazikubaliani. Chukua safu mbili za namba, uipe R amri ya plot bila maelezo mengine: itakutawanyia nukta, na haitaziunganisha. Zipeleke namba zilezile kwenye matplotlib, maktaba ya Python (yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kutayarishwa) iliyoanzishwa na John D. Hunter na kutolewa mwaka 2003, uiagize plot: itavuta mstari kutoka thamani ya kwanza hadi ya mwisho, na nukta huzioni, kwa kuwa Hunter aliiga tabia ya MATLAB, programu ya hesabu iliyotangulia. Gnuplot, programu ya kuchorea grafu ambayo ipo tangu 1986, ina desturi ya tatu: ukiipa faili la vipimo inaweka alama zilizotengana, ukiipa fomula inachora mstari. Hata ndani ya R peke yake, ukiweka makundi badala ya namba kwenye mhimili wa x, amri ileile inakuletea visanduku, kimoja kwa kila kundi, vinavyoonyesha namba zake zimetawanyika vipi. Neno ni moja, na picha ni tatu au nne. Ikiwa plot haina maana moja mbele ya mashine, itapataje maana moja katika sentensi ya Kiswahili?

Nina mfano ambao sijausahau. Niliwahi kuombwa kuhariri Kiswahili cha tasnifu iliyohusu mvua za Unguja. Chini ya kielelezo kimoja paliandikwa «Ploti ya mvua ya mwaka», na juu yake palikuwa na mstari mmoja wa buluu. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa, lakini najua kwamba Unguja ina misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kwamba mwezi wa Aprili ndio masika yenyewe. Katika mchoro ule, vuli ilionekana vizuri, lakini masika ilikuwa kama kilima kilichokatwa kichwa. Nilipomuuliza mwandishi, alifungua kompyuta yake na kunionyesha kwamba kipimo cha Aprili cha mwaka ule kilikosekana, kwa hiyo aliifuta safu mlalo ya Aprili katika jedwali kabla ya kuchora. Python haikujua kwamba kuna kilichofutwa. Ilitoka Machi ikaenda moja kwa moja Mei, ikatandika daraja juu ya mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, na daraja lile likasomeka kama kipimo.

Mwenzake, aliyekuwa akitumia R kwa data ileile, alikuwa na nukta kumi na moja na uwazi mahali pa Aprili, uwazi ambao hata mimi niliuona mara moja. Wote wawili waliandika sentensi moja katika sura ya mbinu: «Tulifanya ploti ya data za mvua.» Laiti yule wa kwanza angelazimika kuandika «tuliziunganisha nukta kwa mstari», naamini mkono wake ungesita. Angejiuliza anaunganisha nini na nini, na kati ya jumla ya mwezi mmoja na jumla ya mwezi unaofuata kuna kitu gani cha kuunganishwa. Hakuna. Jumla ya mvua ya mwezi ni kama ndoo iliyojaa kufikia kiasi fulani. Ndoo kumi na mbili husimamishwa kila moja mahali pake, hazifungwi kamba. Hivyo basi mvua ya kila mwezi hudai grafu ya nguzo, na nguzo inayokosekana huacha pengo linaloonekana.

Anayedhani kwamba ninakuza jambo dogo amkumbuke Francis Anscombe, mwanatakwimu aliyechapisha mwaka 1973 seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba. Ukitafuta wastani wa x katika kila seti unapata 9, wastani wa y unakaribia sana 7.5, na mstari nyoofu unaozifaa ni uleule kwa zote nne. Ukiishia kwenye hesabu hizo, utaapa kwamba ni data moja iliyonakiliwa mara nne. Ukiweka nukta, ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili imepinda kama upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne ni nukta zilizosimama wima isipokuwa moja iliyokwenda mbali. Sasa chukua seti ya pili, ambayo jozi zake Anscombe hakuzipanga kwa ukubwa wa x, uipe amri ya plot ya Python ilivyo. Upinde ule utazama ndani ya mistari inayokwenda na kurudi kama uzi uliochezewa na paka. Somo lote la Anscombe limo katika kitenzi kuweka nukta. Ukikiondoa ukaweka «kufanya ploti», somo limepotea.

Wapo waandishi wa programu walioliona tatizo hili mapema kuliko sisi watu wa lugha. Mwaka 1999 Leland Wilkinson alitoa kitabu alichokiita Sarufi ya Michoro. Naam, sarufi, neno letu hili hili. Alieleza kwamba mchoro wa data una viungo vyake kama sentensi: kuna data, kuna kanuni ya kupeleka kila safu kwenye mhimili au rangi yake, na kuna umbo, yaani nukta, mstari au nguzo. Hadley Wickham akaijenga fikra hiyo ndani ya R katika maktaba ya ggplot2, ambamo unaviongeza viungo kimoja baada ya kingine kwa alama ya kujumlisha. Ukitaja data na mihimili bila kutaja umbo, ggplot2 inakupa mihimili mitupu, haina nukta wala mstari, inakungoja useme. Ninaipenda sana tabia hiyo, kwa sababu ndiyo tabia ya kitenzi cha Kiswahili. Mzizi -chor- hausimami peke yake. Unangoja nafsi, unangoja wakati, unangoja kiishio, na ukipenda unautia vinyambuliko: nimekuchorea, data hizi hazichoreki, umeichoresha kompyuta usichokijua.

Basi tumia kitenzi hicho. Hapo zamani chora lilimaanisha pia kukata alama kwa ncha kwenye mti, na grafu imetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukwaruza, kuandika na kuchora, kwa hiyo «kuchora grafu» ni maneno mawili yaliyotoka mbali yakakutana kwa tendo moja. Kisha useme ni grafu gani. Nukta huwekwa au hutawanywa, mstari huvutwa, nguzo husimamishwa, duara hukatwa vipande, ramani ya mvua hupakwa rangi. Haya yote ni maneno ambayo mwanafunzi wako alikuja nayo kutoka nyumbani. Na ukiwa hapo, mkataze pia kuiita grafu «jedwali». Jedwali ni namba zilizopangwa kwa safu wima na safu mlalo, na grafu ndicho kinachochorwa kutokana nazo.

Kuhusu «kutaswirisha data», siwezi kusema kwamba ni kosa, kwa kuwa taswira ni neno letu la siku nyingi na unyambuliko wake umefuata njia. Nalivumilia kama jina la taaluma nzima, na hata hapo napendelea «taswira za data». Lakini likiingia katika sura ya mbinu linafunika mambo yaleyale yaliyofunikwa na ploti, likiwa limevaa kanzu nzuri zaidi. Nalo «kuploti» nimechoka kulipiga vita maabara, ambako watu wameketi mbele ya skrini moja na kila mmoja anakiona kilichochorwa. Waliseme wapendavyo. Katika tasnifu msomaji hana skrini ile, kwa hiyo humo silikubali.

Sentensi ya yule mwandishi wa mvua za Unguja tuliiandika upya pamoja, ikatuchukua karibu saa nzima, na ikatoka hivi: «Tulichora grafu ya nguzo ya jumla ya mvua ya kila mwezi kwa milimita, nguzo ya Aprili haikusimamishwa kwa sababu kipimo cha mwezi huo hakikupatikana.» Aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akarudi kwenye kompyuta kuufuta mstari wa buluu.