«Zoezi» la uokoaji?

Msomaji wa Bukoba, mji unaolikumbuka vyema tetemeko la Septemba 2016, anauliza lipi ni sahihi: «zoezi la uokoaji» au «zoezi la uokozi»?

Maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi «okoa». «Uokoaji» ni kitendo chenyewe. «Uokozi» huegemea zaidi tokeo lake. Katika habari za tetemeko ningeandika «uokoaji», ingawa sitagombana na aliyeandika «uokozi». Nitagombana na aliyetanguliza «zoezi».

«Zoezi» limetokana na «zoea», kupitia «zoeza»: ni jambo linalofanywa na kurudiwa ili anayelifanya apate uzoefu. Mwanafunzi hupewa zoezi la hesabu, askari hufanya zoezi la kulenga shabaha, na wote wawili wakikosea huanza upya. Tangu lini mtu aliyefukiwa na ghorofa akawa hesabu ya kurudiwa? Hata hivyo, kila jengo linapoporomoka husikia redioni kwamba «zoezi la kuwatafuta manusura linaendelea», kana kwamba waliomo chini wamejilaza humo kwa makubaliano na jioni watapangusa vumbi warudi makwao.

Waokoaji wenyewe hawachanganyi mambo haya. INSARAG, mtandao wa Umoja wa Mataifa unaoweka taratibu za vikosi vya kimataifa vya utafutaji na uokoaji, uliundwa mwaka 1991, baada ya matetemeko ya Mexico mwaka 1985 na Armenia mwaka 1988 kuonyesha kwamba wageni wenye nia njema, wakija kila mmoja na utaratibu wake, hukanyagana. Kikosi kinachotaka kuthibitishwa katika daraja la vikosi vizito, yaani vyenye uwezo mkubwa zaidi, hupimwa kwa saa 36 mfululizo, kwenye vifusi vilivyoandaliwa makusudi na watu wanaoigiza majeruhi. Hilo ndilo zoezi, na hapo neno limekaa mahali pake.

Lakini Uturuki, alfajiri ya 6 Februari 2023, saa 10:17, ardhi ilipotikisika kwa kipimo cha 7.8, kisha 7.5 mchana uleule, na watu zaidi ya 50,000 wakafa katika nchi hiyo, hapakuwa na zoezi lolote. Vikosi vya nje vilipokewa, vikagawiwa maeneo, na kwa utaratibu wa INSARAG kikosi huandika kwa rangi kwenye ukuta wa jengo jina lake na tarehe, ili kinachofuata kisipoteze saa kupekua kifusi kilichokwisha kupekuliwa. Filimbi moja ndefu ikipulizwa, mashine huzimwa na kila mtu hunyamaza. Ndipo mwokoaji wa Kituruki huinamia zege na kuita: «Sesimi duyan var mı?», yaani, kuna anayesikia sauti yangu? Aliye chini yake hana nafasi ya pili ya kuitika, na mtangazaji anayeuita wito huo «zoezi» amemvunjia heshima aliyeita na anayeitwa.

Basi msomaji wangu aandike «kazi ya uokoaji», au «uokoaji» peke yake, kwa maana neno hilo halihitaji mkongojo. Anayeona «kazi» ni neno dogo mno na atumie «operesheni». Ni la kukopa, lakini nitalivumilia.