Gia mbili za kurudisha pedali nyuma: zinafaa Dodoma?

Mkuu, umeuliza kama habu ya gia mbili (kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia na breki ndani yake), ile inayobadilishwa kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, inaweza kukupeleka Majengo hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kila siku. Umeuliza pia kama ni kweli ukifunga breki gia nayo inahama, na ukasema kuna mtu alikwambia inabadilika yenyewe kwa mwendo. Mimi natumia habu ya aina hiyo, Sturmey-Archer S2C, hapa hapa Dodoma, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyoijua.

Inafaa. Ila ukimwachia fundi aifunge kama baiskeli ya kawaida, utaichukia. Gia nyepesi ya S2C haipunguzi chochote, ni moja kwa moja (gurudumu linazunguka sawa na sproketi, ile gia ya meno ya nyuma), halafu nzito inaongeza asilimia 38 juu yake. Kwa hiyo wepesi wote unautafuta kwenye meno, habu yenyewe haikupi. Tuseme mbele una meno 44. Fundi akikufungia sproketi ya 18 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 2.44, na kwenye gia nzito mara 3.37. Hiyo nzito utaikanyaga siku upepo ukiwa mgongoni tu. Funga 22 nyuma, upate 2.0 na 2.76. Hapo nyepesi inakuwa ya kupandia mlima wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na ya kwenye mchanga, nzito ndiyo ya lami. Na usisahau kiangazi upepo wetu unatoka mashariki. Kwenda Mtumba asubuhi ni kilomita kama 17 unapigwa kifuani, jioni ndiyo unasukumwa kurudi nyumbani.

Kuhusu breki, ndiyo, ni kweli. Rudisha pedali kidogo, gia inahama. Endelea kukandamiza, breki inashika. Huwezi kufika kwenye breki bila kupita kwenye gia. Wengi hii ndiyo inawaudhi, mimi naiona ni faida ukishaizoea. Ukiwa unakuja na gia nzito kwenye lami, taa ikawaka nyekundu, funga breki mara moja, bila kuachia, hadi usimame. Ukiondoka tayari uko kwenye nyepesi. Tatizo ni wale wanaobonyeza breki mara mbili mbili kwa wasiwasi: ya kwanza inakuweka nyepesi, ya pili inakurudisha nzito, halafu wanaondoka wakihema na kuilaumu habu. Kama ulikuwa nyepesi tangu mwanzo, utaondoka na nzito. Zungusha pedali kidogo mbele, irudishe kidogo nyuma, basi.

Jingine la kuzoea: ukishasimama huwezi kuzungusha pedali kinyumenyume ili mguu ukae vizuri. Jifunze kusimama pedali ya kulia ikiwa juu mbele, la sivyo utakuwa unanyanyua gurudumu la nyuma kila kwenye kivuko.

Breki ya mbele usiing'oe, hata mtu akikwambia baiskeli itapendeza bila waya. Mnyororo ukichomoka, breki ya nyuma haipo kabisa. Na kwenye mteremko mrefu habu inapata moto na grisi inaungua, kwa hiyo gawanya kazi na ya mbele.

Kwenye kufunga, kuna mambo mawili ya kumwambia fundi. Ule mkono wa breki unaotoka pembeni mwa habu lazima ufungwe imara kwenye bomba la fremu upande wa kushoto. Ukiwa huru, ekseli inazunguka siku unayofunga breki kwa nguvu. Pia rimu. Habu yangu ina matundu 36, wakati rimu ya nyuma ya baiskeli ya Phoenix kwa kawaida ni 40 na ya mbele 32, kwa hiyo usinunue spoku kabla hujahesabu matundu. Rimu za baiskeli za milimani za mtumba, zile za inchi 26, nyingi zina 36.

Vumbi la hapa halinisumbui kabisa, kwa sababu gia zote ziko ndani ya habu na hakuna waya wa gia wa kukwama. Mbigili ni zilezile, ila tyubu inazibwa bila kufungua gurudumu, inavutwa upande mmoja kama mafundi wetu wanavyofanya.

Aliyekwambia inabadilika yenyewe kwa mwendo alikuwa anazungumzia habu ya SRAM Automatix, ni kitu kingine. Ukikutana na Sachs Duomatic ya zamani kwenye mtumba wa Kijerumani, hiyo ndiyo ndugu wa S2C. Kabla ya kutoa hela, nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha pedali mzunguko mmoja na uangalie tairi limekwenda wapi. Rudisha kidogo nyuma, rudia. Kati ya mara hizo mbili, moja tairi lazima liende mbali kuliko nyingine kwa zaidi ya theluthi. Likienda sawa mara zote, au pedali ikipita bure katikati, mrudishie mwenyewe.