Ngano, hekaya au hadithi fupi? Kwa mhariri mpya wa vitabu vya watoto

Ukikabidhiwa mswada wa hadithi za watoto, usikimbilie kuandika "Ngano" kwenye jalada kwa kuwa tu neno lina ladha ya kale. Soma zote kwanza.

Ngano ni hadithi ya mapokeo: mtunzi wake hajulikani, imepita midomo mingi. Ina matawi yake. Wanyama wakitenda kama watu, hiyo ni hurafa. Mjanja akiwachezea shere wakubwa, mithili ya Abunuwasi, ni hekaya. Ikieleza kwa nini gamba la kobe lina nyufa, ni ngano ya usuli. Mara nyingi hadithi moja huchanganya yote: sungura anamhadaa simba, na mwishoni tunaambiwa ndiyo maana mkia wa sungura ni mfupi. Hapo usipoteze muda kubishana, "ngano" inatosha. Lakini kisa cha mtoto aliyepoteza kiatu njiani kwenda shule, kilichotungwa juzi na mwandishi aliye hai, si ngano hata kikianza kwa "Paukwa! Pakawa!" Hiyo ni hadithi fupi, na kitabu chake ni mkusanyiko wa hadithi. Neno "diwani", yaani mkusanyiko wa mashairi, waachie washairi. Wapo wanaolitumia hata kwa hadithi, ila mwalimu aliyekuwa akitafuta mashairi atakununia.

Uzito wa jambo hili uko kwenye jina la mtu. Aliyeleta ngano ni mkusanyaji, au amezisimulia upya, hakuzitunga. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, jina la kitabu lenyewe lilisema kwamba hadithi zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Basi wewe ukiona "kimetungwa na" juu ya hadithi za sungura na fisi, mpigie mwandishi simu kabla kazi haijafika kwa mchapaji. Muulize pia alizipata kwa nani, na msimulizi atajwe kwenye dibaji.

Mswada ukiwa mchanganyiko, ngano tano na hadithi mbili za kutunga, tumia "hadithi", maana linabeba zote, kisha eleza ndani ipi ni ipi.

Mtindo wa "Fulani na Hadithi Nyingine" ni mzuri, ila hadithi iliyobeba jina usiifiche katikati. Mtoto ataifungua hiyo kwanza, na asipoiona upesi atakirudisha kitabu rafuni.