Goti linalojifunga baada ya kuumia mpirani

Pole sana, ndugu. Uliumia goti uwanjani hapo Moshi miezi minne iliyopita, sasa linajifunga ukipanda ngazi, picha ya MRI imeonyesha meniska (gegedu lililo kati ya mifupa ya goti) imechanika, nawe unaogopa kupasuliwa goti zima. Halifunguliwi lote. Hutobolewa matundu mawili au matatu, kila moja kama sentimita 1. Kamera ya milimita 4 hivi inapita tundu moja, vifaa tundu jingine, na maji ya chumvi yanalitanua goti ili daktari aone ndani.

Swali kubwa la kumuuliza daktari wa mifupa, iwe hospitali ya KCMC hapo Moshi au kwingine: ataishona meniska au atakata kipande kilichochanika? Kikikatwa, wengi hurudi kazini ndani ya wiki 2 hadi 6. Ikishonwa, magongo yanaweza kufika wiki 6, na mpira usubiri miezi 4 hadi 6. Lakini meniska ndiyo inayopunguza mgandamizo kwenye goti, kwa hiyo kama mchaniko unashoneka, kubali kusubiri.

Baada ya upasuaji, mazoezi yasichelewe: kaza msuli wa paja, hesabu mpaka 5, legeza, mara 10. Wanaoacha fiziotherapia (mazoezi ya tiba) hubaki na paja lililosinyaa, halafu lawama zinaangukia upasuaji.

Ukishapasuliwa ukaona homa, usaha, au kigimbi kuvimba na kuuma: hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, usingoje kuche, damu iliyoganda inaweza kuwa imefika mapafuni.

Na mama yako uliyemtaja, mwenye goti lililosagika kwa umri, upasuaji huu wa kamera kwa kawaida haumsaidii. Mpeleke kwenye mazoezi.