Mshipa wa tumboni kutanuka si presha
Dada, umeuliza kama mshipa wa mzee "uliotanuka" ndiyo presha. Hapana, ingawa presha huuchosha. Mshipa huo ni aota, ateri (mshipa wa kusafirisha damu) kubwa kutoka moyoni. Tumboni upana wake ni kama sentimita 2, ikifika 3 huitwa anyurizimu. Umeona fundi wa baiskeli pale Kondele akijaza tyubu kuukuu upepo, inavimba upande mmoja penye udhaifu? Ndivyo ilivyo, na mara nyingi haiumi hata kidogo. Hizo sentimita 4 alizopimwa mzee kwa kawaida hufuatiliwa kwa ultrasaundi. Upasuaji kwa wanaume huzungumziwa zikikaribia 5.5. Sigara aache leo (najua wazee wetu!). Akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, msingoje kupambazuke, mkimbizeni hospitali.