Uso umefungwa, gauni linasema

Swali: Mwalimu, katika picha ya Eleonora wa Toledo na mwanawe, iliyochorwa na Bronzino, mama huyu amekaza uso, hana hata dalili ya tabasamu. Je, naweza kuandika kwamba ndoa yake haikuwa na furaha?

Jibu: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Ushahidi wako wote umeutoa usoni, na katika picha za wakubwa wa zama zile uso ndio shahidi dhaifu kuliko wote. Mtazame Lucrezia Panciatichi, mwanamke mwingine wa cheo aliyechorwa na Bronzino huyohuyo: utulivu ni uleule. Huo ni mkono wa mchoraji pamoja na adabu ya tabaka. Mwanamke wa cheo hakuweka moyo wake hadharani.

Anza na gauni, maana ndilo linalotawala picha nzima. Kifuani pana komamanga kubwa la nyuzi za dhahabu, tunda lililojaa mbegu, ishara ya uzazi. Kwa nini uzazi? Picha ni ya mwaka 1545 hivi, huko Florence. Mumewe, Cosimo de' Medici, alishika utawala mwaka 1537 akiwa kijana wa miaka 17, baada ya mtawala aliyemtangulia, Alessandro, kuuawa; na Cosimo alitoka tawi jingine la ukoo huohuo wa Medici. Mtawala wa namna hiyo asipokuwa na warithi, kiti chake kinayumba. Sasa utazame mkono wa mama huyu begani mwa mwanawe, Giovanni mdogo. Mimi naona hambembelezi, anamwonyesha.

Kisha ile buluu ya nyuma, ambayo wengi huipita. Kuzunguka kichwa chake inapauka kidogo, kama nuru. Mama, mtoto wa kiume, buluu: Mkristo wa wakati ule asingekosa kumkumbuka Bikira Maria.

Jihadhari pia na hadithi kwamba alizikwa na gauni hilohilo. Ilienea baada ya mabaki yake kufukuliwa mwaka 1857, na bado inarudiwa. Mafundi wa kuhifadhi nguo za kale walipolichunguza gauni la kaburini walikuta ni jingine kabisa, la satini.

Kuhusu ndoa yenyewe, picha haina jibu. Zipo barua walizoandikiana mke na mume, zimehifadhiwa hadi leo. Huko ndiko kwa kuuliza.