Huyo sisimizi mbona ana miguu minane?

SWALI: Mambo mhariri, niko Bangkok kikazi, mwaka wa pili sasa, na nje ya dirisha kuna mwembe umejaa sisimizi wa huku wale maji moto, wale wekundu. Juzi nikaona mmoja kama kabeba kichwa cha mwenzake mdomoni, nikampiga picha, nilivyomsogelea akaruka akabaki ananing'inia kwenye uzi! Sisimizi gani huyo anatoa uzi? Na anauma? Picha nimetuma.

JIBU: Huo uzi ndo umemuumbua. Maji moto wakubwa hawatoi uzi kabisa, hata yale majani wanashonea kwa uzi wa watoto wao, wanamshika mtoto mdomoni wanampitisha huku na huku kama gundi. Sasa rudi kwenye picha yako uhesabu miguu. Minane, si ndio? Ile miwili ya mbele kainyanyua juu anaichezesha ujidanganye ni papasi, zile pembe za kichwani za sisimizi, na kichwa kimebanwa katikati ili mwili uonekane una vipande vitatu kama wa sisimizi, halafu pembeni ana madoa meusi yanayofanana na macho ya maji moto. Ila macho yake yenyewe yako usoni, mawili makubwa yanakutazama kabisa, na hapo hana ujanja, huyo ni buibui mrukaji.

Kwa rangi hiyo na huo mti alioko, mimi namwita Myrmaplata plataleoides. Ukimtafuta kwenye vitabu vya zamani utamkuta kama Myrmarachne, jina la pili lilelile. Yupo India, Sri Lanka, China mpaka huko kwenu Asia ya Kusini-Mashariki, na anaishi karibu na hao maji moto ila hataki hata kuguswa nao maana wakimshtukia wanamla. Wanaodanganyika ni ndege na wadudu wengine, wao wanaona maji moto wanapita mbali.

Hicho "kichwa cha mwenzake" ni taya zake mwenyewe, kwa hiyo ni dume. Jike taya zake fupi, anafanana na maji moto mmoja tu asiye na mzigo.

Kuuma usiwaze. Meno ya dume hayana hata njia ya kupitishia sumu, mawindo anayachoma kama mishikaki. Wa kuogopa ni hao maji moto wenyewe, kwa hiyo ukitaka picha nyingine usiegemee mwembe.